Chumba cha Igogo na Majibu ya Babu

Jumatatu

Meli ya asubuhi imetutoa Nansio, kisiwani Ukerewe, kukiwa na wingu zito upande wa Ukara. Babu kakaa dirishani, kanga ya mama yake imemfunika mpaka masikioni, kwa sababu hapendi watu walitazame shavu lake. Ana miaka saba. Kabeba jina la marehemu baba yetu, na kwetu jina la mzee halitamkwi ovyo, basi hata mama aliyemzaa humwita Babu. Mimi ni mama yake mkubwa. Mdogo wangu ana kichanga ambacho hakijafikisha arobaini, shemeji yangu ni mvuvi wa dagaa, na mimi mwalimu niko likizo ya Desemba. Hakukuwa na haja ya kikao cha familia.

Shavu lilianza kama jino. Mtoto wa umri huu kung'oka meno ni jambo la kawaida, nani angeshtuka? Ila lililolegea lilikuwa gego, halafu la jirani yake, halafu fizi ikavimba. Kwenye zahanati moja jino liling'olewa, kidonda kikagoma kufunga, na muda si mrefu uso wote ukawa umehamia upande mmoja. Daktari wa hospitali ya wilaya alipomwona hakukaa hata kwenye kiti. Alilishika taya kwa vidole viwili, akamwangalia na tumbo, akaandika rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, palepale. Ninamshukuru yule kijana mpaka leo hii.

Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wa visiwani. Hospitali kila mtu atakuelekeza ilipo. Pa kulala mtu anapokuwa anasubiri, hilo hakuna aliyenieleza, na nadhani ndilo linalowarudisha watu nyumbani kabla ya wakati.

Tumeshuka bandarini mvua ikinyesha. Usiku huu tuko Nyakato kwa binamu yangu, watu tisa kwenye vyumba viwili. Wametupisha kitanda.

Jumanne

Bugando iko juu ya kilima, na jiji lote unaliona kutoka pale: mabati, mawe, kisha ziwa. Imefunguliwa mwaka 1971, nayo ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nzima. Kwenye benchi letu peke yake walikuwepo watu wa Bunda, Kahama, Biharamulo na Chato. Kila mmoja ana bahasha ya kaki na kikapu cha chakula.

Faili, damu, picha ya taya, ultrasaundi ya tumbo. Bima yangu ya kazini haimhusu Babu, kwa kuwa kwenye karatasi yeye si mtoto wangu, kwa hiyo tulipelekwa ofisi ya ustawi wa jamii. Mama wa ustawi alituuliza maswali mengi kwa upole, akaandika barua. Wanaokwenda kutibiwa wasiione aibu ofisi hii. Ipo kwa ajili yetu, na ni bora kuipitia siku ya kwanza kuliko kusubiri mpaka fedha imekwisha.

Alasiri wakamkata kinyama kidogo cha uvimbe, kipelekwe maabara. Alipotoka aliniuliza kama kimekatwa kikubwa. Nikamwonyesha ncha ya kidole changu kidogo.

Daktari hakunificha. "Mama, nina shaka na saratani ya tezi za limfu inayoitwa Burkitt. Lakini dawa zake ni kali, siwezi kumwanzishia mtoto kwa shaka. Lazima tupate majibu ya maabara kwanza." Akasema kisiwani tusirudi, tukae karibu, na kila baada ya siku moja nimlete amwangalie. Kisha akanitajia dalili, nikaziandika nyuma ya bahasha: akihema kwa shida, tumbo likijaa ghafla, miguu ikiisha nguvu, mkojo ukigoma, njooni saa hiyo hiyo hata iwe usiku wa manane.

Nyakato si karibu. Usiku wa manane daladala hakuna.

Jumatano

Siku ya kutafuta chumba. Hii nitaieleza kwa kirefu.

Dalali wa kwanza alinipeleka kwenye nyumba nzuri, vigae chini, geti. Kodi miezi sita kwanza, na yeye dalali apewe ya mwezi mmoja. Nilimweleza kwamba sijui kama nitakaa wiki mbili au mwaka. Akasema mwenye nyumba hapangishi kwa wiki. Dalali wa pili, hivyo hivyo. Babu alikuwa amechoka, anatembea ameshika shavu, na jua la baada ya mvua linachoma.

Aliyetuokoa ni mama anayeuza uji karibu na geti la hospitali. Aliniona nikipita mara ya tatu na mtoto, akaniita. "Unatafuta chumba cha mgonjwa? Usiwaambie madalali. Waulize wauza uji." Akamtuma binti yake atusindikize mpaka Igogo, juu kwenye mawe.

Mwenye nyumba ni mjane wa Kisukuma kutoka Magu. Nilimwamkia "mwangaluka", maana kidogo hicho ninakijua, akacheka kwa furaha, akatuwekea kigoda. Vyumba vyake vinne anawapangishia wenye wagonjwa tu, na anapokea kodi kwa wiki. Alianza hivyo, alisema, baada ya marehemu mume wake kulazwa Bugando. Alipokuwa akimwuguza aliwaona wake za watu wakilala nje kwenye mikeka. Umeme tunachangia LUKU. Maji ya bomba yanapanda huku mlimani usiku, kwa hiyo kila chumba kina zamu yake ya kuamka na kujaza mapipa. Choo ni kimoja na ni kisafi. Alinionyesha choo kabla ya chumba, na hapo nikajua nimefika.

Chumba chenyewe kina dirisha moja linalotazama ghuba. Ukuta wa nyuma umesogelea jiwe kubwa kuliko darasa langu, na jioni jiwe linaendelea kutoa joto la mchana. Mijusi wenye vichwa vyekundu wanashinda juu yake. Babu keshawagawa: huyu mwalimu mkuu, wale wanafunzi.

Kitu cha kwanza kununua kilikuwa chandarua. Daktari alikuwa amesisitiza, mtoto huyu malaria sasa asiione kabisa. Halafu godoro, mkeka, ndoo mbili, jiko la mkaa, sufuria moja yenye mfuniko. Unga wa udaga, yaani wa muhogo, tulikuja nao. Kutafuna hawezi, kwa hiyo ninampikia uji wa ulezi wenye karanga, supu ya sato iliyochujwa miiba kwa kitambaa, na ugali laini anaoumeza na mlenda. Amekula, kalala. Mara ya kwanza tangu Jumatatu nimekaa chini bila mtu wa kumpisha.

Ijumaa

Tumemwona daktari. Majibu bado. Uvimbe umeongezeka kidogo, amepima kwa utepe na kuandika.

Sista wa kliniki alipojua tumepata chumba alinishika mkono. Anasema wako watoto wanaoanza dawa vizuri, uvimbe unanywea, wazazi wanaishiwa nauli na pa kulala, wanaondoka wakiona mtoto amepona. Kisha uvimbe unarudi, na ukirudi unakuwa mgumu. Alisema akiwa ameinamisha macho kwenye faili. Ninaamini alikuwa na mtoto fulani mawazoni.

Basi chumba nacho ni dawa. Hilo ninalisema kwa uzito wote. Anayetaka kumchangia mgonjwa aliyetoka mbali, amchangie kodi ya wiki, au gunia la mkaa, au amjazie LUKU. Pole tumepewa nyingi na tunazishukuru, lakini kodi ya wiki ndiyo itakayomfikisha mtoto kwenye dozi ya mwisho.

Jumamosi

Nimemwacha Babu na mwenye nyumba, nikashuka mpaka Kirumba, soko la Mwaloni. Mfanyabiashara anayenunua dagaa wa shemeji anakaa pale. Anayeijua kazi ya dagaa anajua kalenda yake: huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika, na nyumba ya mvuvi inaishi kwa akiba. Sisi tuliondoka kisiwani mwezi ukiwa bado mkubwa, ndiyo sababu shemeji alitupa alichonacho na macho yake hayakutaka kuonana na yangu. Sasa mwezi unachelewa kutoka na giza linaanza kurefuka.

Mwaloni magunia yamepangwa juu mpaka unakosa njia, na harufu inakaa kwenye nguo siku nzima. Mzee yule alinisikiliza, hakuuliza dhamana. Akahesabu fedha, akasema atakata kwenye mzigo wa giza hili. Akaongeza kilo mbili za dagaa weupe wasio na mchanga. "Saga, umtilie mtoto kwenye uji." Wakati wa kurudi nilipanda daladala nimezikumbatia zile kilo mbili.

Jumapili

Misa ya kwanza, kisha kufua.

Chumba cha pili yupo bibi kutoka Sengerema na mjukuu wake wa kike, hajafikisha miaka mitatu. Jicho la kushoto lilikuwa linang'aa jeupe usiku mbele ya taa kama la paka, na kijijini watu wakasema mengi. Bibi hakungoja mengi yaishe. Alimbeba mgongoni, akapanda basi. Jicho lilikuwa na saratani, limeondolewa, na mtoto anaendelea na dawa. Hivi sasa anakimbia uani na kuku. Wazazi wenye watoto wadogo, mkiona weupe ndani ya mboni, hasa kwenye picha za simu zilizopigwa kwa taa, nendeni hospitali siku hiyo.

Bibi ananifundisha mengi ambayo hayajaandikwa popote. Nywele zitatoka, nimnyoe mapema kabla hazijaanza kudondoka kwenye mto. Matunda nimenye mwenyewe, nisinunue yaliyokwisha katwa barabarani. Mtu mwenye mafua asiingie chumbani, hata akiwa mchungaji. Nauli yake anasema imepata ahueni tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025. Kilomita tatu juu ya maji, basi linapita bila kusimama, wakati zamani walikuwa wanapanga foleni ya kivuko mtoto akilia.

Anamwita Babu "mume wangu". Babu anaona haya, lakini jioni alimpelekea kigoda.

Jumatatu

Majibu bado.

Niliomba nielezwe kinachochelewesha, na fundi wa maabara aliyekuwa anapita akanieleza amesimama koridoni. Kinyama hulowekwa kwenye formalini ili kisioze, kisha hukaushwa maji, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hupakwa rangi, ndipo mtaalamu akiangalie kwa hadubini. Kila hatua ina saa zake, na ukiiharakisha kipande kinaharibika, unaanza upya kwa kumkata mtoto mara ya pili. Nilitoka pale nimetulia kuliko nilivyoingia. Kusubiri kitu unachojua kiko hatua gani ni tofauti na kusubiri gizani.

Jumanne usiku

Babu ameamka analia. Uvimbe umefika chini ya jicho. Nimemhesabia pumzi kwa saa ya simu, nimemwambia asimame, atembee mpaka mlangoni na kurudi. Miguu ina nguvu. Amekojoa. Tumbo laini. Nimesoma nyuma ya bahasha mara mbili tatu nikihakikisha. Nikampa dawa ya maumivu niliyoandikiwa.

Ilikuwa zamu yetu ya maji. Mwenye nyumba alisikia, akatoka na kujaza mapipa yote peke yake, mjane wa umri ule, akaniambia nisitoke kitandani. Nje ziwa lilikuwa na taa nyingi za wavuvi. Babu aliuliza ya baba yake ni ipi. Nilimwambia baba yuko mbali zaidi, upande wa Ukerewe, hawezi kuonekana kutoka hapa.

Jumatano

Daktari amelitazama shavu, akapiga simu maabara mbele yangu. Wamechukua pia uboho kwenye mfupa wa nyonga na maji ya uti wa mgongo, ili majibu yakitoka pasiwe na kingine cha kungojewa. Babu alimng'ang'ania sista shingoni, sista naye akakubali kung'ang'aniwa.

Babu alipokuwa amelazwa chali, kama ilivyoagizwa, daktari kijana aliyebaki naye alituhadithia, na mimi nikaandika. Ugonjwa huu umepewa jina la Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, aliyeandika habari za watoto wenye uvimbe wa taya mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipakia gari kuukuu, wakaenda maili 10,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakisimama kila hospitali na kuuliza: watoto wa namna hii mnawaona? Wakakuta ugonjwa unafuata joto na mvua, na kwenye nyanda za baridi unapotea. Ni njia ileile ya malaria.

Mwishoni mwa 1963 kipande cha uvimbe wa mtoto kilipelekwa London kwa ndege. Ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester. Kilipofika kwa kuchelewa, maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu mwenye haraka angekitupa. Anthony Epstein akaweka tone chini ya hadubini, akaona seli zinaelea, zi hai. Kutokana na seli hizo, mwaka 1964, yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakamwona kirusi anayehusika. Kirusi huyo karibu sote tunaye na hatusumbui. Malaria ya kurudia-rudia ndiyo inayoichosha kinga ya mtoto, kirusi akapata nafasi. Kwa hiyo haurithiwi, hauambukizwi kwa kulala kitanda kimoja, na haukutumwa na mtu.

Hilo la mwisho nimempigia simu mdogo wangu nikamrudia kwa sauti, kwa sababu kisiwani ameshaanza kuambiwa habari za wivu wa majirani. Alilia. Akasema, "Dada, sema tena." Nikasema tena.

Nimeendelea kumfikiria yule mtoto wa kipande kilichochelewa. Naye alikuwa na mama aliyekuwa anasubiri mahali fulani, labda amekaa chini, na hakuambiwa kwamba kilichotoka kwenye taya la mwanawe kingewafundisha madaktari wa dunia nzima.

Ijumaa

Majibu yametoka. Ni Burkitt.

Daktari alifunga mlango, akakaa upande wetu wa meza. Seli za ugonjwa huu hugawanyika kwa kasi kuliko karibu saratani zote za binadamu, uvimbe unaweza kuwa mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Kwa sababu hiyohiyo dawa hufanya kazi, maana dawa hizi hushambulia seli inapogawanyika. Uboho ni safi, maji ya uti wa mgongo ni safi, tumboni hakuna kitu. Alisema ana matumaini, na hakuwa mtu wa kusema maneno ya kubembeleza. Analazwa leo. Kwanza dripu za maji, mengi, kwa sababu uvimbe ukiyeyuka upesi taka zake zinaweza kuziba figo. Ndipo siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, kwa awamu, na kati ya awamu tunarudi Igogo mpaka damu ipande.

Nilimwuliza Babu kama ana swali. Akauliza kama dripu inauma kuliko sindano ya mgongo. Haiumi hivyo, daktari akasema. "Basi weka."

Shemeji nilimpigia saa tisa. Sasa ni giza lenyewe, usiku wenye mapato ya mwezi mzima. Nikamwambia avue, nipo mimi. Alinyamaza, kisha akasema, "Shemeji, mtumbwi atakaa nao mdogo wangu. Ninakuja na meli ya kesho."

Jumapili

Baba mtu amelala chini ya kitanda cha wodi usiku mzima, mkono wake juu, umeshikwa. Dawa ya kwanza imeingia jana jioni. Babu ametapika mara kadhaa, mkojo unapimwa kwenye chupa na unatoka vizuri. Leo mchana sista amepima shavu kwa utepe uleule: limepungua. Kidogo, lakini kwa namba iliyoandikwa kwenye faili. Nilimwomba anionyeshe namba yenyewe.

Jioni tumekaa na mwenye nyumba kupanga. Januari shule inafunguliwa na mimi lazima niwe darasani. Arobaini itakuwa imepita, mdogo wangu atakuja na kichanga, mimi nitakuwa ninavuka kila Ijumaa ratiba ya meli ikiruhusu. Nilimwuliza mwenye nyumba kama kichanga kitawasumbua wagonjwa wengine. Akasema kichanga tutakihamishia chumbani kwake usiku, kwa sababu chumba chake ndicho kiko mbali na mapipa ya maji. Chumba chetu hatampa mtu Babu akiwa wodini, na wiki za wodini atatutoza nusu. Nikataka kukataa, akaniambia mwalimu, andika.

Nimeandika. Vya kuleta na meli ijayo: chandarua kidogo cha kichanga, gunia la udaga, daftari za darasa la pili, kofia ya sufu. Nywele tunanyoa Jumatano.